Mwongozaji na Mwisho wa Maneno Yake: Kutoka Mitaa ya Isiolo hadi Gotu

Miji inayosifika kwa utalii, iwe ni ile iliyoizunguka Bahari ya Mediterania au ile ya pwani ya Afrika Mashariki inayofanana nayo kwa vichochoro na kuta, imemzoesha mgeni kuamini kwamba kuonyeshwa mji ni kuonyeshwa mawe. Mwongozaji wa Mji wa Kale wa Mombasa, kwa mfano, huanzia kwenye lango la Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, kisha huteremka vichochoroni akinyoosha kidole kwenye mlango wa nakshi, roshani ya mbao na mnara wa msikiti, na kila anachokitaja kina jiwe au ubao wa kulishuhudia neno lake. Mgeni wa kutoka pwani anayekwenda Isiolo, na kutoka Isiolo akaendelea hadi Gotu ukingoni mwa mto Ewaso Ng'iro, hana budi kuiweka kando imani hiyo, kwa kuwa mji wenyewe una umri wa takriban karne moja tu na majengo yake mengi ni ya mabati na matofali ya saruji, na kinachoonyeshwa huko ni majina, maji na njia, yaani vitu visivyoonekana mpaka atokee mtu wa kuvisema.

Ni vyema kulieleza kwanza neno lenyewe. Kiswahili kina mwongozaji, yaani mtu anayetangulia ili mwingine afuate, na kina mwenyeji, yaani mtu wa mahali mwenye kumpokea mgeni. Wale wanaoliacha neno hilo wakakopa la Kiingereza hujikuta wakitamka kitu kinachokaribia sana "gaidi", jambo ambalo kaskazini mwa Kenya si la kufanyiwa mzaha, kwa sababu zitakazoonekana mbele. Anayekodiwa Isiolo kwa siku moja au mbili kwa kawaida hana beji kifuani wala mwavuli wa kuinua juu ili kundi lake lisipotee, kama ilivyo desturi ya waongozaji wa Roma na Athens. Huenda ni dereva, mwalimu aliyestaafu, au kijana wa chuo aliye likizoni, na malipo yake hupatanwa juu ya kikombe cha chai. Yule aliyefuatana na msafiri wa makala haya alikuwa Mborana wa makamo aliyezaliwa mjini, mwenye bodaboda mbili alizowakodisha vijana na simu isiyonyamaza, na sifa yake kubwa, ambayo haikutambulika siku ya kwanza, ilikuwa kujua mahali maneno yake yanapokoma.

Isiolo huitwa mlango wa kaskazini, na jina hilo si la kimashairi bali la kiutawala. Mwishoni mwa miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilihamishia hapo makao makuu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, eneo kubwa lililotawaliwa kwa sheria za pekee na ambalo mtu wa nje hakuruhusiwa kuingia bila kibali. Na hata kabla ya hapo ilikuwa imewapa makazi askari Wasomali, wengi wao wa ukoo wa Isaaq, waliopigana upande wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Katika miaka ya 1930 Waborana waliohamishwa kutoka Wajir wakaelekezwa kwenye nyanda za mto, Waturkana wakaja wakifuata kazi, Wameru wakateremka kutoka vilima vya Nyambene na ndizi na miraa, Wasamburu wakawa majirani wa upande wa kaskazini, na kila kundi likapiga hema mahali lilipoambiwa au lilipoweza. Ndiyo maana majina mengi ya mitaa ya Isiolo yanaanza kwa mojawapo ya maneno mawili kana kwamba mji wote ni watu waliolala njiani: kuna kambi, neno la kijeshi, kama Kambi Juu, Kambi Garba na Kambi Odha, na kuna bula, neno la wafugaji lenye maana ya kijiji au makazi, kama Bula Pesa.

Mwongozaji huyo aliyasoma majina hayo kwa namna ambayo mwenzake wa Mombasa huusoma mlango wa nakshi. Odha, alieleza, ni mkuyu, mti ambao Waborana na Waoromo wote huuheshimu kwa kuwa mikutano na baraka hufanyika chini yake, na kwa hiyo Kambi Odha ni kambi ya mkuyu hata kama mgeni hauoni mkuyu wowote. Tullu Roba ilimpa shida kidogo, kwa sababu tullu ni kilima na roba ni mvua, lakini Roba vilevile ni jina la mtoto wa kiume aliyezaliwa mvua ikinyesha, na haijulikani kwa kusikia tu kama mtaa huo ni wa kilima cha mvua au kilima cha bwana mmoja aitwaye Mvua. Mtaa wa LMD umebaki na herufi za Kiingereza za idara ya masoko ya mifugo, ambayo ng'ombe wa kaskazini walikuwa wakizuiliwa kwenye malisho yake na kukaguliwa wasije wakapeleka maradhi kwenye mashamba ya walowezi, na wakazi wake wa leo hulitamka jina hilo kama neno la kawaida la Kiswahili, bila kujali lilivyofupishwa. Hapa ndipo tofauti na pwani inapoonekana vizuri: mitaa ya Mombasa hujivunia ukongwe wa majina yake, ilhali mitaa ya Isiolo imebeba majina ya watu waliodhani watahama kesho yake.

Kinachostahili kuamkiwa mapema Isiolo ni maziwa. Kabla jua halijachomoza, bodaboda na pikapu huingia mjini kutoka maboma ya pembezoni zikiwa zimefungiwa mitungi ya plastiki ya manjano, na wanawake, ambao kwa sehemu kubwa ndio wenye biashara hii na wameunda chama cha ushirika kiitwacho Anolei, huyapokea maziwa ya ngamia, huyapima, huyapoza kwenye majokofu na kuyapakia kwenye mabasi ya Nairobi ili yafike Eastleigh, au Islii kama wanavyosema wenyewe, siku hiyohiyo. Mmoja wao alionekana akifanya kazi ambayo hakuna mashine iliyoonekana kumsaidia: alifungua kifuniko, akaweka pua juu ya mdomo wa mtungi kwa muda wa pumzi moja, akamimina matone machache kwenye kiganja cha kushoto, akayalamba, kisha akausogeza mtungi kulia au kushoto bila kusema neno. Ya kulia yalikwenda mabasini, na ya kushoto, ambayo yalikuwa yameanza kuchachuka, yangeachwa yagande yawe susa, maziwa mala ya ngamia yenye ukali mwepesi na harufu ya moshi, kwa sababu vyombo hufukizwa kwa vijinga vya miti maalumu ili maziwa yasiharibike haraka. Mgeni aliyeonjeshwa susa hiyo aliifananisha kimoyomoyo na tui lililolala, ulinganisho ambao haukuwa wa haki kwa upande wowote.

Chakula cha hoteli za mjini, na hoteli kwa maana ya Kenya ni mahali pa kula na si lazima pawe pa kulala, kinaeleza historia ileile bila hotuba. Asubuhi kuna anjera, mkate mwembamba wa unga uliochachushwa unaopikwa upande mmoja na kubaki na vijitundu vya kunyonya chai au samli, pamoja na nyirinyiri, vipande vidogo vya nyama ya ngamia vilivyokaushwa, vikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta. Waborana wana chakula kinachokaribiana nacho wakiita koche, na mjadala wa nani alimfundisha mwenzake hauna haja ya kuamuliwa mezani. Mchana wali na nyama ya mbuzi hutawala, na mhudumu huleta ndizi mbivu pembeni ya sahani bila kuulizwa, ambayo mlaji huikata na kuichanganya na wali, mtindo wa Wasomali ambao mtu wa pwani, aliyezoea ndizi baada ya chakula, huutazama kwa mashaka mpaka atakapoujaribu. Jioni hushika hatamu miraa kutoka Nyambene.

Katikati ya mji wapo majirani wawili wanaotajwa na kila mwongozaji, Msikiti wa Jamia na kanisa kuu la Kikatoliki la Mtakatifu Eusebio. Jina la pili lina njia ndefu: Eusebio alizaliwa Sardinia, kisiwa cha Mediterania, akawa askofu wa kwanza wa Vercelli kaskazini mwa Italia katika karne ya 4, na jina lake likafika Isiolo kwa sababu wamisionari waliojenga huko walitoka Vercelli, akiwemo Askofu Luigi Locati, aliyeishi kaskazini mwa Kenya kwa miongo kadhaa na kuuawa kwa risasi Isiolo mwezi Julai 2005. Mtu wa pwani, ambaye hukutana na Italia kwenye mikahawa ya Malindi, hakutarajia kukutana nayo hapa kwa sura ya mtakatifu wa kale na kaburi la askofu. Mwongozaji, ambaye ni Mwislamu, alisimulia habari za askofu huyo kwa utaratibu na heshima, akisimama nje ya lango. Ndani aliitwa mzee mmoja mtunza kanisa aendeleze maelezo, na mwongozaji akarudi garini. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kutambulika kwamba alikuwa akikabidhi zamu.

Mara ya pili ilitokea mbele ya jina la Wabera. Daudi Dabaso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa tarehe 28 Juni 1963, wiki nne tu baada ya Kenya kupata madaraka ya ndani, akiwa pamoja na Chifu Haji Galma Dida, na waliotuhumiwa ni watu waliotaka eneo la kaskazini lijiunge na Somalia. Nairobi ilimkumbuka kwa kumpa barabara katikati ya jiji, ambayo maelfu huipita kila siku bila kujiuliza ilikopata jina, na Isiolo ikawa na wadi yenye jina lake. Kilichofuata ni vita vilivyoitwa vya shifta, neno lililotoka Uhabeshi lenye maana ya mnyang'anyi wa porini, ambalo serikali ililitumia kwa wapiganaji na ambalo hatimaye liliwaangukia hata wachungaji wasio na bunduki. Mpaka makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967, na hata baadaye, Waborana wa Isiolo walikusanywa kwenye kambi zenye ulinzi huko Garba Tulla, Merti na Mado Gashi, wakazuiwa kuchunga mbali, na mifugo yao ikafa au ikapigwa risasi. Wenyewe hukiita kipindi hicho gaafa dhaabaa, yaani siku za kusimamishwa, na huenda hakuna jina lililo sahihi zaidi kwa jamii ambayo kusimama mahali pamoja ni sawa na kufilisika. Mwongozaji alilitaja jina hilo, akalifasiri, na hapo akanyamaza. Alipoulizwa habari za ukoo wake mwenyewe alisema kwamba hadithi hiyo si yake kusimulia maadamu mama yake yu hai, na mama hakuwa mjini wiki hiyo.

Kwa hiyo ni kosa kudhani kwamba mwongozaji wa kukodi huuza maarifa kwa kipimo, kama auzaye mafuta ya taa kwa kibaba. Kile anachouza mtu wa namna hii ni kufikishwa: kumfikisha mgeni mbele ya yule mwenye haki ya kusema, kisha kusogea kando. Katika miji ya mawe haki ya kusema haina mwenyewe, kwa kuwa ukuta ni wa wote na tarehe zimechorwa juu yake, na ndiyo sababu mwongozaji wa huko anaweza kuwa mtu wa popote aliyefaulu mtihani. Kaskazini, ambako kila kisima, kila mtaa na kila msiba una wenyewe, mtu anayesema yote anadhaniwa hajui lolote.

Mabadiliko, hata hivyo, yanapita kwa kasi juu ya mpangilio huo. Wazee wa Isiolo wanakumbuka wakati ambapo lami iliishia mjini hapo, na msafiri aliyetoka Marsabit au Moyale akielekea Nairobi alisema bila kejeli kwamba anakwenda Kenya. Barabara ya lami hadi Moyale ilikamilika katika miaka ya 2010, na safari iliyokuwa ya siku mbili au tatu juu ya magunia ya lori sasa ni ya usiku mmoja ndani ya basi. Mpango wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu mwezi Machi 2012 ili kuunganisha bandari hiyo na Sudan Kusini na Uhabeshi, uliitaja Isiolo kuwa njia panda yake, na bei ya viwanja ikapanda kabla reli haijaonekana, na haijaonekana bado. Uwanja wa ndege wa kimataifa ulifunguliwa mwaka 2017, nao una upekee wa kuwa na njia ya kurukia ndege inayovuka mpaka wa kaunti za Isiolo na Meru, mpaka ambao wenyewe una ugomvi wa siku nyingi. Mwongozaji aliuonyesha kwa kidevu gari likitembea, asisimame.

Kutoka mjini, barabara ya kaskazini hushuka kwenye joto na kufika Ngare Mara, ambako wakazi wengi ni Waturkana. Hapo ilifaa kubadilisha msemaji, na msichana mmoja wa Kiturkana aliyemaliza kidato cha nne, ambaye mwongozaji alikuwa amempigia simu tangu usiku, alipanda gari na kukaa mbele. Mambo ya kwanza aliyoyaeleza yalihusu maji, na jina la mahali penyewe lilimpa hoja: ngare ni maji kwa Kimaa, lugha ya Wasamburu na Wamaasai, na Ewaso Ng'iro nalo ni jina la Kimaa, maana yake mto wa maji ya rangi ya udongo. Waturkana na Waborana, alisema akicheka, wanakunywa maji yaliyopewa jina na majirani. Jambo hili linakwenda mbali kuliko mzaha wake, kwa kuwa Waborana wa Isiolo hulifupisha jina la mto kuwa Waso tu, na hujulikana kila mahali, hata Uhabeshi kwa ndugu zao, kama Waborana wa Waso, ikiwa na maana kwamba neno linalowatambulisha ni neno la lugha ya watu wengine, tena lenye maana ya mto na si zaidi. Kwenye ardhi ambayo magazeti huiandika kwa habari za uhasama tu, majina yamekuwa yakikopeshana muda wote.

Kushoto mwa safari zipo chemchemi za Buffalo Springs, ambazo waongozaji wote husimulia kwamba moja ya madimbwi yake lilichimbwa na bomu la ndege ya Waitaliano wakati wa Vita Kuu ya Pili, rubani akiwa amewadhania nyati kuwa kambi ya Waingereza. Ni hadithi nzuri mno, na msikilizaji anaweza kuamua mwenyewe aiamini kwa kiasi gani. Lililo hakika ni kwamba Waitaliano waliiteka Moyale mwaka 1940 na kwamba vita vya Mediterania vilikuwa na ncha yake huku kwenye vumbi. Mbele zaidi ni hifadhi ya Shaba, alikouawa mwandishi Joy Adamson mwezi Januari 1980, mke wa George Adamson aliyewahi kuwa mlinzi mkuu wa wanyamapori Isiolo. Simba wao Elsa anafahamika duniani kuliko mtu yeyote wa wilaya hii, na msichana wa Kiturkana alilitaja jina la Elsa kwa sauti ya mtu anayemtaja jirani tajiri asiyesalimu.

Baada ya hapo ardhi inabadilika rangi. Mawe meusi ya volkano, yenye vinyweleo kama sponji iliyoungua, yanatapakaa kwenye mchanga mwekundu mpaka upeo wa macho, migunga inakuwa mifupi, na mathenge, mti wa miiba ulioletwa kutoka nje kuzuia jangwa na ambao sasa wafugaji wanaulaani kwa kumeza malisho, unajitokeza kila palipowahi kukaa boma. Swala twiga husimama kwa miguu miwili kula majani, choroa huonekana kwa mbali kama mstari uliochorwa kwa penseli, na punda milia wa Grevy, mwenye masikio mapana na mistari myembamba, hutazama gari kwa utulivu. Naye pia ana jina la kuazima, kwani Jules Grévy alikuwa Rais wa Ufaransa aliyepelekewa mmoja wao kutoka Uhabeshi kama zawadi mwaka 1882. Sehemu kubwa ya ardhi hii iko chini ya hifadhi ya jamii ya Nakuprat-Gotu, ambayo kama jina lake linavyodokeza imeunganisha Waturkana wa upande wa Nakuprat na Waborana wa Gotu. Msichana aliteremka kabla ya kufika Gotu, akasema kuanzia hapo wapo wenyewe, akarudi kwa pikipiki.

Gotu ni kituo kidogo: maduka machache, msikiti, nyumba za mabati zilizochanganyika na vibanda vya duara vya Kiborana, na mto. Maji ya Ewaso Ng'iro, ambayo chanzo chake kiko mbali kwenye Mlima Kenya na Nyandarua, hapa hubanwa katikati ya miamba myeusi ya volkano na kuporomoka kwa kelele, na kisha hutulia na kuendelea mashariki kati ya mikoma hadi kupotelea kwenye kinamasi cha Lorian, ambacho Mmarekani William Astor Chanler na mwenzake Ludwig von Höhnel, katika msafara wao ulioanza mwaka 1892, walikifuata wakitarajia ziwa na wakakuta matope. Kwa mgeni aliyezoea bahari, kelele ya maporomoko katika nchi kavu kiasi hicho ina namna ya kutisha, kwani sikio linatangulia kuyasikia maji kabla jicho halijaona hata jani moja la kijani. Daraja linabeba barabara ya Merti, na siku hiyo lilikuwa limejaa ng'ombe, hivyo magari mawili na lori moja la magunia yalisubiri bila honi hata moja kupigwa.

Mwongozaji, ambaye mjini alikuwa akitembea mbele, hapa alibaki nyuma. Alivua kofia, akasalimu kwa nagaa, yaani amani, neno linalorudiwa katika maamkizi ya Kiborana mara nyingi kadiri ya vitu vinavyoulizwa, kwa watu, kwa ng'ombe, kwa ngamia, kwa mvua. Kisha akaulizwa gosa yake, yaani ukoo wake, na mzee aliyeuliza akafuatilia jibu hilo juu na chini mpaka akapata mtu waliyemjua wote wawili. Tangu hapo alihesabiwa kuwa mtoto wa mji aliyekuja kwao, na aliketi pembeni pamoja na mgeni, naye akiwa mgeni.

Walioketi waliandaliwa buna qalaa, ambayo mtu wa pwani aliyezoea kahawa chungu ya kikombe kidogo hawezi kuitambua kwa jina wala kwa sura. Buna ni kahawa na qalaa ni kuchinja, na sababu ya jina hilo huonekana mara moja: mama wa nyumba alichukua matunda makavu ya kahawa yakiwa bado ndani ya maganda, akaling'ata kila moja ncha kwa meno ya mbele ili mafuta yapate kuingia, na kitendo hicho cha kuyatoboa ndicho kuyachinja, na kwa hiyo hufanywa badala ya kumchinja mnyama pale ambapo mgeni anastahili heshima lakini zizi haliruhusu. Aliyatia kwenye samli iliyokuwa ikichemka, yakalia kwa mlio mkavu na kupasuka moja moja, harufu ikajaa kibanda, kisha akamiminia maziwa kutoka kwenye gorfa, chombo kilichosukwa kwa nyuzi za mimea na kukazwa mpaka kisivuje. Mzee alichovya vidole kwenye samli, akajipaka kwenye paji la uso, akaomba baraka huku wengine wakiitikia, na hapo ndipo vikombe vikagawiwa, maziwa yakanywewa na kahawa zenyewe zikatafunwa pamoja na maganda yake. Ladha yake ni ya moshi, ya chumvi kidogo na ya kuungua, na hudumu kinywani saa nzima.

Mazungumzo yalirudi kwenye maji, kama yanavyorudi siku zote. Misimu mitano ya mvua mfululizo ilishindwa kati ya mwaka 2020 na 2022, na kabla watu hawajahesabu mifugo iliyosalia mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023 yakaja. Lakini wazee hawakulaumu mbingu peke yake, kwa kuwa mto huu hunywewa kwanza na mashamba ya umwagiliaji ya Laikipia, na katika miezi mikavu kinachofika Gotu ni mchanga. Hofu ya bwawa kubwa lililopangwa kujengwa juu ya mto ilizaa msafara wa ngamia uliofanywa mara kadhaa tangu mwaka 2013, ambao watu wa jamii mbalimbali za bonde hilo hutembea pamoja kando ya mto, na mmoja wa waliokuwepo alikuwa ameufuata akiwa kijana. Mto ukikauka watu huchimba visima mchangani, na hapo huanza kazi ya herega, yaani utaratibu wa zamu za kunywesha, chini ya abba herega, mwenye kusimamia zamu, ambaye huamua ni kundi gani linywe leo na lipi lisubiri kesho, na ambaye hata tajiri hawezi kumruka. Malisho nayo yana baraza lake liitwalo dedha, lenye kutenga nyasi za masika, za kiangazi na za ukame mkali, ingawa wazee walikiri kwamba vijana wenye bunduki na matajiri wa mjini wenye ng'ombe wa kuchungiwa hawalisikilizi kama zamani.

Mzee alitaka kujua, kupitia kwa mwongozaji, kwao mgeni maji hutoka wapi. Alielezwa kwamba Mombasa huletewa maji kwa bomba kutoka chemchemi za Mzima huko Tsavo, zaidi ya kilomita 200, na kwamba hata hivyo mifereji ya mitaa mingi hukauka kwa siku nyingi, na watu hununua maji kwa mitungi kutoka kwa wenye mikokoteni. Alisikiliza mpaka mwisho, akatafuna kahawa mbili, kisha akauliza mtaa gani ndio wenye zamu wiki hii. Mgeni hakujua. Akauliza basi ni nani abba herega wa Mombasa, ili mtu akiruka zamu ashtakiwe kwake, na mgeni, baada ya kufikiria ofisi moja na nyingine, hakuweza kutaja jina la mtu yeyote. Mzee alimgeukia mwongozaji na kusema jambo fupi kwa Kiborana, lililowachekesha wote waliokuwa kibandani akiwemo mama aliyekuwa akimimina maziwa, na mwongozaji, ambaye alikuwa amelipwa kwa siku mbili kamili, alicheka pamoja nao na hakutafsiri.